Kitufe cha Kumalizia

Mtu aliyenifundisha kutaipu bila kutazama vidole ndiye huyo huyo niliyemkuta asubuhi moja akivitazama vidole vyake kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeitikia salamu. Vidole vya mkono wa kulia. Vya kushoto vilikuwa bado vyake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikunipeleka popote, wala sikuzichukia, kwa kuwa ndizo zilizonifikisha kwake. Alikuwa akifundisha taipu katika chuo kimoja cha ufundi huku kwetu Kwale. Alikuwa akifunika kibodi kwa kitambaa cha meza chenye maua, nasi tunaingiza mikono chini yake kama watu wanaopapasa kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Anayeinua kitambaa kuchungulia anaanza ukurasa upya. Anayekosea herufi pia. Hakuwa mkali wa sauti. Alikuwa akisema tu, "Rudi mwanzo, mwanangu," nawe unarudi, na siku ikiisha unashangaa kwamba umerudi mwanzo tangu asubuhi na bado unampenda.

Chuo kilipoliacha somo la taipu, akajifundisha mwenyewe kutengeneza kurasa za mtandao, akafungua ofisi Ukunda, chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Akaniita nikamsaidie. Wateja wetu walikuwa watu wasiokuwa na ofisi: kikundi cha akina mama wanaolima mwani kule kusini upande wa Shimoni, wenye boti za kupeleka wageni Wasini, na bibi mmoja mwenye vyumba viwili vya kupangisha Diani. Mimi nilikuwa nikiupenda ukurasa wa mwani. Kila asubuhi ulionyesha maji yatakupwa saa ngapi, na kama gari la mnunuzi linakuja au haliji, na akina mama waliufungua kwenye simu kabla ya kushuka pwani. Kazi yangu ilikuwa kuziandika hizo saa, kuweka picha, kufagia, na kuota. Nilikuwa nikiota kwamba siku moja nitatengeneza programu itakayotumiwa na dunia nzima, na wakati huo huo nilikuwa bado nikichanganya faili na folda.

Niseme kidogo namna kazi ilivyokuwa ikifanyika, kwa maana bila hilo hadithi yangu haina miguu. Mwalimu alikuwa na faili moja ambamo kila kazi ya ofisi ameipa jina, na chini ya jina ameandika maelekezo yake. Kuna programu inayoitwa make, ambayo mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma kwa Kiswahili, ma-ke, hadi Mwalimu akacheka. Unafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, unaandika make, unaacha nafasi, unaandika jina la kazi, na mashine inafanya mambo yote yaliyo chini ya jina hilo kwa mpangilio. Kujenga kurasa, kuzijaribu, kufuta mabaki, kupeleka mtandaoni. Jambo moja tu la ajabu: ndani ya faili hilo kila mstari wa maelekezo ni lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukitumia kitufe cha nafasi, mashine inakataa, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Nililia mara moja kwa sababu hiyo.

Na majina ya kazi aliyachagua mwenyewe: tujenge-kurasa-zote, tujenge-kurasa-za-mwani, tujaribu-kurasa, tusafishe-mabaki, tupeleke-mtandaoni. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiandike jenga, safisha, peleka, ikawa fupi. Akaniambia jenga ni amri. "Hata mtoto ukimtuma dukani wamwambia nenda, baba, ukaniletee sukari. Humfokei. Na hii mashine yanifanyia kazi kuliko mtoto." Nikaona ni sawa. Ndivyo alivyokuwa, hata paka wa dukani chini alikuwa akimwomba apishe.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimshika akiwa nyumbani, akalazwa Msambweni, akarudi akiwa na maneno yake yote na miguu yake yote, ila mkono wa kulia ulikuwa umelala. Siku aliyorudi ofisini nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa, akaweka mkono wa kushoto mahali pake pa sikuzote, akaubeba wa kulia akauweka nao mahali pake, kama mtu anayempanga mtoto aliyesinzia. Halafu akaandika kwa mkono mmoja.

Iliingia tuujenge. Mashine ikasema haijui namna ya kutengeneza kitu hicho. Akarudi mwanzo. Ikaingia tujegne. Akarudi mwanzo. Nikamwambia, Mwalimu, niachie niandike mimi. Akasema hapana, kwa upole uleule aliokuwa akinirudisha nao mwanzo. Siku zikapita hivyo. Ukurasa wa mwani ukawa unachelewa, hadi asubuhi moja mama mmoja alipiga simu kutoka huko kusini, akatuuliza kwa adabu tumeamkaje, na kama maji ya leo yanakupwa au yameghairi.

Mwalimu alikata simu, akaiweka mezani. Kisha akaniambia kuna kijana Mombasa, naye alikuwa mwanafunzi wake, ambaye yuko tayari kuichukua kazi yote. Atakuja Ijumaa baada ya sala, achukue mafaili, na chumba kitarudishwa kwa mwenye nyumba. Kuhusu mimi, akasema, ameshamwomba kijana yule anipe nafasi, nisiwe na wasiwasi.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi nitakaa nyumbani nimsumbue mke wangu."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi moyo ulinishuka hadi kwenye magodoro. Nilimjua. Mtu yule akikaa nyumbani bila kibodi atakwisha. Nikashuka chini kununua maji ya kunywa, nikasahau maji, nikajikuta nimesimama kwenye kibanda cha fundi simu.

Fundi simu ni kijana wa bara, amekuja huku na wajomba zake waliokuwa wakifanya kazi hotelini, na Kiswahili chake kina kila kitu ndani isipokuwa Kiswahili. Nilimweleza. Akaendelea kukoroga simu ya mtu kwa kibisibisi, halafu akaniuliza, "Siz, kwani huyo mzee huandika jina yote? Si aandike mwanzo tu halafu agonge tab. Inakumalizia."

Nikamuuliza tabu gani tena. Akasema tab. Nikasema ndiyo, tabu tunayo, ndiyo iliyonileta. Akaweka simu chini akacheka hadi mteja wake akacheka naye bila kujua kwa nini. Akanichorea kibodi hewani, akanionyesha kidole kidogo cha kushoto, kile kitufe cha pembeni. Kile kile! Kitufe kilicholiza mtu mzima. Nikamwambia kile ni cha kuanzia mistari ndani ya faili. Akasema ni hicho hicho, ila huku nje ya faili, kwenye kidirisha cha amri, kina kazi nyingine: kinakisia neno unalotaka kuandika na kulimalizia. Kuna kifurushi kidogo cha kupakua, halafu mstari mmoja wa kuweka kwenye faili fulani. Akanitumia mstari huo kwa simu. "Ni kitu ya dakika," akasema.

Kidole kidogo cha kushoto. Niliipanda ile ngazi nikiwa nimeshaona kila kitu: Mwalimu anaandika herufi moja, anagonga, kazi inakwenda, kijana wa Mombasa anarudi na basi alilokuja nalo.

Mwalimu aliposikia neno kumalizia alinitazama sana. "Kiharusi kimenimaliza nusu," akasema, "na wewe waniletea kitufe cha kunimalizia." Halafu akasema Tab anaijua tangu mashine za taipu za chuma, nayo ni ya kupanga safu. Unaweka vizuizi vyako, unagonga, gari la mashine linateleza hadi kwenye safu. Haikisii chochote. Kukisia si taipu. Lakini akainuka akaniachia kiti, akaenda kusimama barazani, na mimi nikabaki na Tab tatu kichwani: ya Mwalimu ya safu, ya faili ya kuanzia mstari, na ya fundi simu ya kukisia. Zote kwenye kitufe kimoja kilichofutika maandishi.

Kifurushi kilipakuliwa vizuri. Mstari ndio ulionitesa. Fundi alikuwa amesema faili, nami faili nililolijua ni moja tu, lile la kazi za ofisi. Nikalifungua, nikaushusha mstari wake chini kabisa, na kwa kuwa mistari ya humo imeingia ndani kidogo nami nikaupigia nafasi ukaingia ndani ulingane na wenzake, upendeze. Nikajaribu. Mashine ikasimamisha kila kitu ikaniuliza kwa Kiingereza chake kama nilikusudia Tab badala ya nafasi nane.

Jamani, nilifurahi. Nilidhani imeshaanza kukisia. Nilidhani inaniuliza kwa adabu, kama Mwalimu anavyopenda, je, ungependa Tab? Nikaandika ndiyo. Haikujibu. Nikaandika yes. Nikagonga Tab yenyewe, mara nyingi. Kisha nikagundua kwamba sasa hakuna kazi hata moja inayokubali kufanyika, hata ile ya mwani, na jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Nikashuka tena.

Fundi aliitazama picha niliyopiga, akasema, kwa huruma safari hii, kwamba nimeuweka mstari kwenye faili lisilo lake. Linalotakiwa ni faili lililofichwa, liko kwenye folda kuu ya Mwalimu, ile inayoitwa ya nyumbani, jina lake linaanza na nukta. Nikamuuliza limefichwa na nani. Akasema na hiyo nukta. Nikamuuliza kama Mwalimu anajua. Akasema, siz, panda juu.

Nililitoa lile balaa ndani ya faili la kazi, kazi zikakubali tena. Nikalitafuta faili la nukta. Kweli halikuonekana, na kweli lilikuwepo. Ukiliita kwa jina linafunguka, ukitazama folda halipo. Nikaufuata ule mstari nikauweka. Nikaenda kwenye kidirisha cheusi, nikaandika make, nafasi, t, nikagonga. Kimya. Nikampigia fundi. Akasema funga hicho kidirisha ufungue kingine, cha zamani hakijapata habari. Nikafungua kingine. Nikagonga, ikanimalizia! Lakini ilinimalizia jina la faili la picha, taka-pwani, ambalo silihitaji kwa lolote. Nikampigia tena. Akaniuliza uko folda gani. Nikasema niko Ukunda. Akanieleza taratibu kwamba kila kidirisha kipya kinafungukia folda ya nyumbani, na faili la kazi haliko huko, basi mashine itakisia nini kama haioni majina?

Nikahamia folda ya kazi. Nikaandika make, nafasi, t. Nikagonga. Likatokea tu, na mlio mdogo. Herufi mbili. Tu. Nikagonga tena, majina yote yakajipanga chini yake.

Sikujua kama hayo ni mafanikio. Yalifanana nayo. Nikamwita Mwalimu.

Aliketi. Akaandika make kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kukosea. Akaandika t, na kidole kidogo kikaenda kwenye Tab. Ikatoka tu, na mlio. Akasubiri. Akanitazama. Nikamwambia gonga tena. Akagonga. Yakashuka majina yote: tujaribu, tujenge, tujenge, tupeleke, tusafishe. Akayasoma hadi mwisho kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu na lake halimo.

"Hizi kazi nazijua," akasema. "Nimeziandika mimi."

Nikaanza kueleza nikajikanyaga. Nikasema fundi amesema itamalizia, labda kifurushi ni cha zamani, labda kibodi. Akanyoosha mkono wa kushoto akakifunga kile kidirisha, na kompyuta yenyewe akaifunika. Akaniambia nimejitahidi, Mwenyezi Mungu anilipe, sasa niende nikale, na Ijumaa nije nimevaa vizuri kwa sababu mgeni wa Mombasa ni kijana nadhifu.

Nilitembea hadi kwa khalati yangu, mdogo wa mama, ambaye nilikuwa nikiishi kwake nyuma ya soko. Sikuwa na hamu ya chochote. Nilikuwa nikiwaza zile herufi mbili. Ilikuwa imekwama mahali pale pale kila mara, kwenye tu, kama mtu anayeanza sentensi akasahau alichotaka kusema.

Khalati alikuwa akipakua. Watoto wake walikuwa wametawanyika uani, mmoja juu ya tangi la maji. Akaita bila kugeuka, "Naweni mikono," na kabla hajafika kwenye ile ni ya mwishoni, wote walishakuwa kwenye ndoo, wakisukumana. Akasema, "Kaeni," na kabla neno halijaisha walishakaa, mmoja juu ya mwenzake. Kijiko kilinisimama njiani. Nikamuuliza khalati kwa nini wamekimbia kabla hajamaliza kusema. Akaniuliza kama nina homa.

"Angalia," nikamwambia, "ungesema tunawe, wangekimbia lini?"

"Hao? Wangekaa hivyo hivyo wanisubiri. Tu nini? Tulale? Tuoge? Hawaendi mpaka wajue waitiwa nini. Kula, wali wapoa."

Sikuelewa nilichokuwa nimekielewa. Nilijua tu kwamba kiko pale, kwenye ndoo ya maji. Maneno ya Mwalimu yote yalianza kwa heshima, na heshima yake ilikuwa mbele, tu, tu, tu. Mashine ikisikia t inajua anaheshimiwa mtu lakini haijui inatumwa nini. Khalati yeye heshima aliiweka nyuma. Naweni, kaeni. Kazi mbele, ni nyuma. Niliacha wali nusu sahani, jambo ambalo khalati hajanisamehe.

Nilirudi mbio nikamkuta Mwalimu amekaa palepale, kompyuta imefunikwa, redio inasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya chini. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nikiogopa kwamba nikikisema kitapotea. Nikamwomba kompyuta, nikafungua faili la kazi, nikaenda chini kabisa nikaandika majina mapya. Sikuyafuta ya zamani, nisingethubutu. Kila jina jipya nililiandikia nukta mbili na mbele yake jina la zamani, maana yake ukimwita huyu, anamwita yule. Jengeni-kurasa-zote. Jengeni-kurasa-za-mwani. Jaribuni-kurasa. Safisheni-mabaki. Pelekeni-mtandaoni. Hayo hayakuhitaji mstari wa maelekezo, kwa hiyo hayakuhitaji Tab, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Nikamgeuzia kompyuta. Akavaa miwani. Akasoma.

"Hizi ni amri," akasema.

"Ni za wengi, Mwalimu. Kama wanavyoambiwa watu kwenye shughuli. Pikeni, pakueni, karibuni. Hakuna anayekasirika."

"Kwani mashine ziko ngapi?"

"Moja, Mwalimu. Lakini tunaiheshimu."

Aliingiza midomo ndani, kama afanyavyo akizuia kicheko mbele ya darasa. Akasema Kiswahili hicho kina hoja, ingawa aliyekitunga bado ana wali kwenye shavu moja. Nikajifuta.

Halafu akaandika make. Akaacha nafasi. P iko kulia kabisa, ni ya kidole kidogo cha mkono uliolala. Mkono wa kushoto ukainuka, ukasita juu ya kibodi, na nikaona kichwa chake kinashuka. Alikuwa anatazama vitufe. Nikageukia dirishani. Chini, barabara ya kwenda Diani, mtu alikuwa akifunga godoro nyuma ya pikipiki, nami nikalitazama lile godoro kama sijawahi kuona godoro. Nikasikia p. Nikasikia Tab.

Hakukuwa na mlio.

Nilipogeuka, neno lote lilikuwa limekaa pale, pelekeni-mtandaoni, hadi herufi ya mwisho, bila kosa. Mwalimu alikuwa ameondoa mkono kwenye kibodi kabisa, ameuweka pajani, kana kwamba hataki aonekane ndiye aliyefanya. Akalifuta neno lote. Akaandika p tena, akagonga tena. Likaja. Akafanya hivyo kwa s. Akafanya kwa je, na hapo ikaenda hadi jengeni-kurasa-z ikasimama na mlio wake, mimi nikashtuka, lakini yeye hakushtuka. Akaongeza o, akagonga, zote ikakaa. Sikumuuliza amejuaje. Akabonyeza kitufe cha Enter, na kurasa zikajengwa, mstari baada ya mstari, na ule wa mwani ukiwemo.

Alasiri hiyo alimpigia kijana wa Mombasa. Nilisikia upande mmoja tu: salamu ndefu, kumuulizia mama yake, kumwombea dua, na mwishoni samahani, mwanangu, Ijumaa usijisumbue, bado tunahangaika nazo wenyewe. Hakusema sababu.

Ningeweza kuacha hapa, nikabaki mshindi. Ila wiki ile nilikwenda kumshukuru fundi simu, nikamweleza jambo zima, heshima ya mbele na heshima ya nyuma, khalati, ndoo. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Lakini siz, ilipoleta hiyo tu ikastop, si ungeandika herufi ya tatu halafu ugonge tena? T, u, p, tab. Ingemalizia hata hizo za zamani."

Nilijaribu kutafuta kosa katika maneno yake. Nikapanda juu wakati Mwalimu ametoka kusali, nikaandika t, u, p, nikagonga. Tupeleke-mtandaoni. Nikafunga kompyuta haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la mwenzake.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Nililiona ni lake na si langu kulificha. Asubuhi moja, baada ya ukurasa wa mwani kwenda, nilimweleza yote, kwamba majina yake hayakuwa na tatizo, kwamba kile kitufe kilikuwa kinafanya kazi tangu mwanzo, na akitaka nitayaondoa yangu abaki na yake. Alikuwa akikausha kikombe kwa mkono mmoja, amekibana tumboni.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimefundisha taipu umri wangu wote. Wadhani sikuiona ile herufi ya tatu?"

Nikamuuliza, kama aliiona, mbona aliifunika kompyuta.

"Siku ile nilikuwa natafuta sababu ya kuacha. Nikaipata, nzuri kabisa. Nikaifunika vizuri. Halafu wewe ukarudi, na wali shavuni, ukaninyang'anya."

Akaweka kikombe mahali pake. Mimi nilibaki nimesimama na mambo mengi ya kuuliza na hakuna hata moja lenye mwanzo mzuri. Hadi leo sijui ni kipi hasa kilichombakisha pale, kama ni kitufe au si kitufe, na nikikaa kulifikiria nachanganyikiwa upya. Yeye alikwisha kaa kitini. Aliniambia bibi wa Diani ameongeza chumba cha tatu na anataka ukurasa wake, kwa hiyo nilete picha, na nifikirie jina la kazi hiyo, lianze kwa herufi ambayo bado hatujaitumia.